Jinsia na maongezi uswahilini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya taratibu, mengine nimeulizwa na wageni wanaojifunza Kiswahili, mengine na watu wa bara walioolewa au kuoa pwani wakajikuta sebuleni kunasemwa jambo na wao ndio wa mwisho kulielewa, na mengine mashoga zangu wenyewe (ndio, mashoga, nenda swali la 6 kabla hujashtuka). Mi nimekulia Tanga na sasa naishi Dar, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku na ya Unguja, Mombasa naigusa pale ninapoijua. Jibu likishatolewa sehemu moja silirudii, nakutuma namba.

MAMBO YA MSINGI

1. Jinsi na jinsia si kitu kimoja?

Kwenye maongezi ya kawaida watu wanachanganya na hakuna anayekufa. Ila kwenye nyaraka za serikali na mashirika Tanzania utakuta wametenganisha, jinsi ni maumbile uliyozaliwa nayo, jinsia ni yale majukumu na tabia ambazo jamii imekupangia kwa sababu ya hayo maumbile. Ukurasa huu ni wa jinsia. Koo la mwanamke halijaumbwa kusema "abee", kafundishwa.

2. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, si ina maana lugha yetu haibagui?

Sarufi ndio haibagui. "Amefika, amekula, ameondoka" unaweza ukasimulia mtu mwanzo mwisho msikilizaji asijue kama ni mume au mke, na ndio maana wengi wetu tukiongea Kiingereza tunamwita shangazi kwa neno la kiume bila hata kushtuka. Mashine za kutafsiri nazo zimewahi kuumbuka hapo hapo, unaandika "yeye ni daktari" inakupa mwanaume, "yeye ni nesi" inakupa mwanamke, wakati wewe hukusema chochote.

Ila shuka kwenye maneno sasa. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, mmoja mtenda mwingine mtendwa, na ukigeuza umetukana. Ukisikia "yule jamaa ameolewa" ujue hakuna pongezi hapo, wanamaanisha kahamia kwa mwanamke, hana sauti, hata rimoti ya TV anaomba. Wenye kupenda usawa wanasema "wameoana" au "wamefunga ndoa" na linapita vizuri tu, lakini bibi yangu mpaka anafariki alikuwa anauliza "nani kamuoa nani?"

Kwa hiyo ukitaka kuona jinsia kwenye Kiswahili usiangalie viambishi, angalia nani anaruhusiwa kusema nini, mbele ya nani, na kwa njia ipi. Maswali mengine yote humu yanazunguka hapo.

3. Kwa nini msichana akiitwa anaitika "abee" na mvulana "naam"?

Ni adabu ya nyumbani, Tanzania ndio utaisikia sana. Zote mbili zimetoka Kiarabu, abee ni mtoto wa "labeka", yaani nipo, nimeitikia, na naam ni ndio. Ukizipima utaona labeka ina unyenyekevu zaidi, ni mtu anayejileta, wakati naam imesimama tu wima. Sidhani kama kuna aliyekaa kikao akapanga hivyo, ila watoto wanakua na hizo sauti mbili kabla hawajajua kusoma.

Msichana akisema "naam" zamani alirekebishwa hapo hapo, "we mtoto wa kiume?" Mvulana akisema "abee" ndio balaa, wenzake wanamcheka mpaka darasa la saba. Siku hizi mjini mabinti wengi wanaitika "naam", au "eeh", au "nini?", na hiyo ya mwisho kwa mama yangu bado ni kosa la jinai.

4. Na shikamoo ina ya kike na ya kiume?

Hapana, shikamoo inaangalia umri na heshima. Mwanaume wa miaka 40 anamwamkia mwanamke wa miaka 60, anajibiwa marahaba, basi. Tofauti inaanza mkiwa rika moja, vijana wa kiume wanarushiana "oya", "niaje", "mwanangu", "mzee baba", na dada akiingia na "oya mwanangu" watu wanageuka kumtazama japo siku hizi hawageuki sana kama zamani.

5. Kwa nini mwanamke akizaa anakuwa "Mama Fulani" mpaka jina lake linapotea?

Mwanaume naye anakuwa Baba Fulani, tusidanganyane. Ila yeye akitoka nje ya geti anarudi kuwa Hamisi, kijiweni Hamisi, kazini Bwana Hamisi. Mwanamke wa mtaani anaweza kuishi miaka 20 majirani wanamjua kama Mama Asha tu, jina lake halisi watu wanalisikia siku anasomewa dua msibani. Kuna wanaoona ni kufutwa, kuna wanaoona ni cheo, na nimeshaona wanawake waliokasirika kweli kuitwa jina lao kavu na kijana mdogo.

Wake wa zamani hawakutamka jina la mume pia. Ni "baba watoto", "bwana", "mwenyewe", au anaelekeza tu kidevu upande wa mlango na wote tumeshaelewa.

Kwenye siasa mambo yanachanganyika. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 2021 nchi nzima ikamwita Mama, wengine kwa mapenzi na wengine kumpunguza, na mwanzoni kabisa mwenyewe akalazimika kuwakumbusha watu kwamba aliyesimama mbele yao ni rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Lakini Nyerere naye ni Baba wa Taifa, kwa hiyo siwezi kusema ni wanawake tu wanaopewa vyeo vya nyumbani. Tofauti ni kwamba Nyerere alikuwa na "Mwalimu" pembeni. Enzi za ujamaa tulikuwa na "ndugu", ndugu mwenyekiti awe wa kike au wa kiume, na kwa kweli lilikuwa neno zuri sana sijui kwa nini tumeliachia vikao vya chama.

6. Mbona wanawake wa pwani wanaitana "shoga"?

Kwa sababu kwenye kinywa cha mwanamke shoga ni rafiki yake wa kike, full stop. "Shoga yangu kanitembelea" ni sentensi ambayo unaweza ukaisema mbele ya imamu. Neno hilo hilo akitajwa mwanaume linabadilika kuwa jina la mwanaume anayelala na wanaume, na mara nyingi linatupwa kama tusi. Yaani neno moja maana mbili, kinachoamua ni jinsia ya anayesema na anayesemwa, mfano mzuri kuliko huo sina.

Kwa hiyo kaka yangu unayejifunza Kiswahili, usimwite mwanaume mwenzako shoga yangu ukidhani ni rafiki. Mabinti wa mjini wengi wamehamia "shosti" na "besti", nafikiri kukwepa huo utata.

KANGA, VIJEMBE NA MIPASHO

7. Kweli kanga inaongea au ni stori za kuwauzia watalii?

Inaongea, na inaongea kuliko baadhi ya waume. Kanga ina pindo, yaani ule mzunguko wa pembeni, ina mji ambao ni katikati, na ina jina, ule mstari wa maneno. Inauzwa doti, vipande viwili, ambavyo mashoga wawili wanaweza kugawana wavae sare. Wakenya wanaita leso, na hilo ndio jina la zamani, limetoka kwenye vitambaa vya Wareno vya mkononi ambavyo wanawake wa pwani karne ya 19 walikuwa wanavinunua vikiwa havijakatwa na kuviunganisha kupata nguo moja kubwa. Majina yalikuja baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu halafu hizi za sasa. Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, lipo tangu 1887 na ndilo lililotoa ule mtindo wa kuandika "Mali ya Abdulla" kwenye kona.

Sasa ujanja wenyewe. Mwanamke anayevaa hakuandika yale maneno, kayanunua dukani kama yalivyo. Nyumba tuliyopanga nikiwa mdogo, wapangaji sita uani mmoja, kulikuwa na wamama wawili waligombana kuhusu zamu ya kufagia. Mmoja akaenda sokoni akarudi na "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Akaifua, akaianika kamba inayoelekea dirisha la mwenzie, na ile kanga ikakauka asubuhi lakini ikakaa kambani siku tatu. Mwenzie siku ya nne akatoka amejifunga "Wache waseme". Hakuna aliyefungua mdomo, salamu zinatolewa kama kawaida, watoto tunacheza pamoja, na uani pote tunajua vita imepamba moto. Utamshtaki mtu kwa mjumbe kwamba kavaa kanga? Mjumbe atakuuliza "kwani imekutaja jina?"

Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Umesema na hukusema. Anayejiona ni yeye ndio kajitaja.

8. Nimepewa zawadi ya kanga yenye maneno makali, nimeonywa?

Inategemea kakupa nani. Wanaume wengi wananunua rangi, hawasomi kabisa, nimeshuhudia bwana mzima anamletea mkewe "Hasidi hana sababu" kama zawadi ya Idi na mama wa watu akakosa usingizi wiki nzima akitafuta kosa lake. Ikitoka kwa mume muulize kwanza kama aliisoma. Ikitoka kwa wifi au mama mkwe, dada, hiyo imechaguliwa, tena kaichambua doti kwa doti huku muuza duka anapiga miayo.

Kwa zawadi salama kuna "Nani kama mama" na za dua. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, za asili hazina hata jina, zinajulikana kwa sura.

9. Fumbo, kijembe na mpasho vinatofautianaje?

Fumbo limefunikwa, ndio ule msemo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Kijembe ni kidogo, cha haraka, kinachomwa katikati ya maongezi mengine, "leo umependeza, kumbe ukiamua unaweza". Mpasho umeshajianika, muhusika anajulikana na hadhira inajulikana, kilichobaki ni jina tu halitajwi. Ukitaja jina huo sio mpasho tena ni ugomvi, na hapo umeshindwa mchezo.

10. Taarab imeingiaje kwenye haya mambo?

Ilianza kama starehe ya wakubwa. Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri, na Akhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa 1905, ilikuwa ya wanaume, wameketi na makoti wanaimba Kiarabu. Aliyeigeuza ni mwanamke, Siti binti Saad, mtoto wa Fumba mwenye asili ya utumwa, akaimba Kiswahili na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri. Na hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba kesi ya mwanamke aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka kwenda bara na waliofungwa wakawa mashahidi wa kike. Hebu fikiria, mwanamke asiye na cheo anaiambia mahakama ya mkoloni kwamba imepotoka, na hakuna wa kumkamata kwa sababu ni wimbo.

Ukija miaka ya 1990 ndio rusha roho ya Dar, yaani taarab ya mipasho, kundi la TOT na Khadija Kopa upande huu, kundi la Muungano na Nasma Khamis Kidogo upande ule, kila wiki wanajibizana. Ila kinachonivutia mimi sio waimbaji, ni ukumbi. Mama anasubiri mstari unaomhusu jirani yake, anainuka, anacheza taratibu mpaka mbele, anamtunza mwimbaji noti na mkono ule mwingine unaelekea meza fulani. Kalipia shilingi elfu moja kusema kitu ambacho angekisema mwenyewe angepelekwa kwa wazee.

Na kuna kichekesho kimoja ambacho watu hawapendi kukumbushwa, mashairi mengi ya hiyo mipasho ya "wanawake" yametungwa na wanaume. Mzee Yusuf wa kundi la Jahazi ni mmoja tu.

11. Ina maana wanawake wameumbwa kuzunguka na wanaume kusema moja kwa moja?

Hili naulizwa kuliko yote na jibu ni hapana, na ushahidi uko ng'ambo ya maji tu hapo. Mwaka 1974 mwanaisimu Mmarekani, Elinor Keenan, ambaye baadaye alijulikana kama Elinor Ochs, aliandika kuhusu kijiji kimoja cha Madagascar ambako mambo yako kinyume kabisa. Huko wanaume ndio wanaozunguka, wana hotuba zao za mafumbo zinaitwa kabary, mwanaume wa heshima hamkosoi mtu usoni. Wanawake ndio wanaosema kavu, ndio wanaopatana bei sokoni, ndio wanaogomba, na mwanaume akiwa na jambo zito la kumwambia mtu anamwachia mkewe. Na guess what, huko kusema moja kwa moja ndio kunaonekana upungufu, wanawake wanaambiwa hawajui lugha.

Yaani njia inaweza kubadilika, mwanamke anaonekana tu anakosea pande zote mbili.

Halafu hata kwetu si kweli kwamba wanawake wanazunguka kila mahali. Mpeleke unyagoni, wanawake watupu, mlango umefungwa, kungwi anamfundisha mwali, uone kama kuna fumbo lililobaki. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab lakini kwao Unguja alikuwa pia mkufunzi wa unyago, na mambo ya unyago yanatajwa kwa majina yake mbele ya bibi na mjukuu. Mwanamke huyo huyo kesho yake mbele ya wakwe anaongea akitazama mkeka. Kwa hiyo usiulize mwanamke anaongeaje, uliza yuko mbele ya nani.

WANAUME NA VIJIWE VYAO

12. Wanawake ndio waongeaji zaidi, si ndio?

Pita baraza yoyote ya kahawa saa kumi na moja jioni. Wanaume kumi, kashata, bao, wameanza na Simba na Yanga, wakaenda kwenye bei ya mafuta, sasa wako kwenye ndoa ya mtu ambaye hayupo. Wamekaa masaa matatu. Hiyo inaitwa kupiga stori, au kubadilishana mawazo. Wanawake watatu wakisimama dakika kumi mlangoni wanajadili ndoa hiyo hiyo, huo ni umbea. Kazi moja majina mawili.

Ukitaka namba, mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya wanafunzi 396 wa chuo huko Marekani na Mexico waliovalishwa vinasa sauti, na wastani wa maneno kwa siku ulikuwa 16,215 kwa wanawake na 15,669 kwa wanaume, tofauti ya kuokoteza. Utafiti wa 2025 uliokusanya watu zaidi ya 2,000 ukakuta wanawake wa umri wa miaka 25 mpaka 64 wanawazidi wanaume kama maneno 3,000 kwa siku, ila vijana na wazee karibu sawa. Mi nikiangalia huo umri nawaona watu wanaolea, na nusu ya maneno yangu ya siku ni "vaa viatu".

13. Kwa nini mume wangu haongei? Kijiweni anacheka, akifika nyumbani "poa tu".

Kalelewa hivyo. Jando na maisha ya mtaani vinamfundisha mtoto wa kiume kujikaza, mwanaume halii, mwanaume haelezi elezi. Akiwa na shida hamwambii mtu uso kwa uso, anaisema pembeni kwa pembeni, wote wanatazama barabara, au bao, au mpira. Nimegundua wanaume wengi wanafunguka ndani ya gari kwa sababu hakuna anayemtazama usoni. Usimkalishe kitandani ukamwambia "tuongee", hilo neno kwake ni kama kuitwa polisi. Mpe kazi ya mkono, kaangeni samaki au tengenezeni kabati pamoja, utashangaa.

Na kama hata hivyo haongei, inawezekana tu hataki, hiyo sio jinsia tena.

14. Wanaume hawana mafumbo?

Wanayo tele. Washairi wa kiume wamelumbana kwa mafumbo magazetini miongo na miongo, Simba akifungwa angalia vijembe vya Yanga, wanasiasa nao wakikosana ndani ya chama utasikia methali tu. Tofauti ni majina. Ya mwanaume inaitwa busara, au utani. Rudi swali la 12, ni ugonjwa ule ule.

NDOA, MAHAKAMA NA KAZINI

15. Bibi harusi akinyamaza anapoulizwa, amekubali?

Kwa mila za pwani na mafundisho ya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, binti ambaye hajawahi kuolewa akiulizwa na walii wake, yule anayemwozesha, akanyamaza kwa haya, ukimya unahesabiwa ridhaa. Aliyewahi kuolewa ndiye anatakiwa atamke. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 yenyewe inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili.

Ila ukimya una sura nyingi na waliokuwepo chumbani wanazijua. Kuna wa haya, kuna wa hasira, na kuna wa mtu aliyelia usiku kucha. Zamani somo wa binti, yule mwanamke anayemfunda, ndiye alikuwa mkalimani wa huo ukimya, yeye ndiye anatumwa kwa wazee kusema "hataki". Familia ambazo zimeondoa somo na zimebakisha ule ukimya, kwangu hizo ndizo hatari. Muulizeni mtoto aseme.

16. Siri za ndoa hazitolewi nje, sasa mwanamke akienda kwa kadhi anaongeaje?

Susan Hirsch, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, alikaa kwenye mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980 akisikiliza. Wengi wa walioleta kesi walikuwa wanawake na mara nyingi walishinda. Nyumbani mwanamke mwema ni yule anayevumilia, siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini mbele ya kadhi anatakiwa asimulie tangu mwanzo, lini hakupewa matumizi, lini alipigwa, nani alishuhudia, na mwanaume aliyezoea kutamka talaka kwa neno moja anajikuta hana stori ya kujibu. Gharama yake ni kwamba kashinda kesi kwa kufanya kile ambacho mtaa unamlaumu, kutoa ya ndani nje, na akirudi mtaani hiyo nayo itaongelewa.

17. Kazini nikisema naambiwa "mkali", mwenzangu wa kiume akisema anaambiwa "yuko siriasi". Nifanyeje?

Uko kwenye foleni ndefu. Baada ya mkutano wa Beijing wa 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania Gertrude Mongella, mwanamke yeyote aliyepaza sauti ofisini au nyumbani aliambiwa "usituletee mambo ya Beijing". Mkutano mzima ukageuzwa kijembe.

Kinachosaidia ni kimoja ambacho nimekiona kinafanya kazi, pangeni wawili. Wazo lako likipitwa kikaoni halafu dakika tano baadaye kaka akalirudia likapigiwa makofi, mwenzio aseme kwa sauti ya kawaida tu, "ndio, lile la Mwanaidi alilosema mwanzoni, tuliendeleze". Hajagombana na mtu, na mwenyekiti kasikia.

KESI ZA PEMBENI

18. Stetasi ya WhatsApp ndio kanga mpya?

Kwa kiasi kikubwa ndio. Maneno umeyaokota mahali, hukuyatunga, hujamtaja mtu, na mlengwa ataona. Ina hata kizuri ambacho kanga haina, unaona nani kapita akasoma. Kibaya ni kwamba kanga ilionwa na uani, stetasi inaonwa na bosi, mchungaji na fundi wa friji, na wote wanajiuliza "ni mimi?". Halafu kanga ilikuchukua siku nzima kwenda sokoni kuichagua, hasira ikawa imeshapoa nusu. Stetasi unaweka saa saba usiku, asubuhi unafuta, wakati watu kumi na nne wameshaisoma.

Wanaume nao wamejaa huko, hapa ndipo nimeona jinsia imelegea kweli. Tena wakipigwa chini kimapenzi stetasi zao ndefu kuliko za mtu yeyote.

19. Mimi wa bara nimeolewa Tanga, wifi zangu wakiongea najua nasemwa ila sina ushahidi. Nijibu?

Usijibu kavu, ukisema "mnanisema mimi?" umejitaja mwenyewe na watakuambia kwa upole kabisa "jamani wifi, sisi tunaongea yetu". Una njia tatu. Ya kwanza ni kutosikia. Ya pili utafute mtani, kama kabila lako na lao wana utani, au shemeji mwenye mdomo, maana mtani ana ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kukasirika. Ya tatu ni swali la 7, lakini nakuonya, usinunue kanga ya kujibu mpaka uwe umekaa miaka miwili, utachagua jina la kusini na vita iko kaskazini.

20. Mwanaume wa Kitanzania anavyosema "naomba" kila saa, huo si uongeaji wa kike?

Hili linatoka Nairobi kila mara. Hapana, hiyo ni nchi. Dar hata baunsa anamwambia muuza duka "naomba soda" na anailipia. Nairobi dada mpole kabisa anasema "nipe soda" na hana ugomvi na mtu. Mtu akivuka Namanga bila kujua hilo anaondoka na hukumu mbaya, wanaume wa huku legelege, wanawake wa kule wakali, kumbe ni kitenzi kimoja tu.

21. Mwanangu wa kiume anaongea kama dada zake, anasema "abee", anasema "jamani mie". Nimrekebishe?

Ana dada wangapi? Kama kalelewa na wanawake watano ulitaka aongee kama nani. Watoto wanabadilisha sauti wenyewe wakianza kucheza na wenzao, utamkuta anasema abee sebuleni na "oya" uwanjani siku hiyo hiyo, bila mtu kumfundisha. Wa kwangu sasa ana miaka tisa, jana nimemwita akaitika "sema mama". Bado najadiliana na nafsi yangu kama hiyo ni bora kuliko abee.